Kutambua Vyakula na Viungo vya Ukoo wa Mnavu

Mtu aliyeshauriwa na daktari ajiepushe na pilipili mbuzi na mimea ya ukoo wake aweza kurudi nyumbani na kuondoa pilipili manga katika pilau, huku akiendelea kula nyanya, bilinganya na viazi mviringo. Kwa kufanya hivyo, ameacha kiungo kisichohusika na kubaki na vile alivyoambiwa aviache. Kosa hili halitokani na uzembe, bali hutokana na majina. Jina la sokoni hueleza ladha au umbo la kitu. Halielezi nasaba yake.

Ukoo wenyewe

Mnavu ni mboga ya majani ijulikanayo sana Afrika ya Mashariki. Ukoo wake huitwa na wataalamu Solanaceae, nao una aina zipatazo 2,700 duniani. Baadhi ni chakula, baadhi ni sumu kali kama mnanaha, na mmojawapo ni tumbaku. Katika vyakula vya kawaida, walio wa ukoo huu ni hawa:

1. Nyanya (Solanum lycopersicum).
2. Viazi mviringo, yaani mbatata (Solanum tuberosum).
3. Bilinganya (Solanum melongena).
4. Nyanya chungu, ziitwazo pia ngogwe (Solanum aethiopicum).
5. Mnavu wenyewe.
6. Pilipili mbuzi, pilipili kichaa na pilipili hoho, ambazo zote ni za jenasi ya Capsicum.

Pilipili manga (Piper nigrum) haimo. Mmea huo hutambaa juu ya miti, na asili yake ni India. Neno Manga ni jina la kale la nchi za Uarabuni, na hukumbusha biashara ya Bahari ya Hindi. Pilipili za Capsicum zilitoka bara la Amerika, nazo zilianza kuenea duniani baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Wahispania nao walizipa jina lililotokana na lile la pilipili manga, kwa kuwa zilikuwa kali. Ukali huo, hata hivyo, hutokana na kemikali mbili tofauti: kapsaisini katika Capsicum na piperini katika pilipili manga. Zote mbili huamsha neva zinazohisi joto kinywani. Ndiyo sababu ulimi si mwamuzi wa kutegemewa.

Alama za kutazama

Ua ndilo shahidi bora. Katika ukoo wa mnavu, ua huwa kwa kawaida na petali 5 zilizoungana chini na stameni 5. Katika nyanya, bilinganya na mnavu, vifuko vya chavua husimama pamoja katikati mfano wa pia ndogo ya manjano. Sepali hazidondoki tunda linapokomaa. Hubaki kama kofia juu ya bilinganya na kama nyota ya kijani juu ya nyanya. Tunda likipasuliwa, huonekana mbegu nyingi ndogo, zilizo bapa. Maua ya pilipili manga, kinyume chake, ni madogo mno, hayana petali, nayo hupangika katika shuke. Kila tunda lina mbegu moja tu.

Viazi navyo huhitaji uangalifu. Kiazi kitamu (Ipomoea batatas) ni mzizi ulionenepa, na mmea wake hutoa utomvu mweupe ukikatwa. Kiazi mviringo ni shina la chini ya ardhi, na yale yaitwayo macho yake ni machipukizi. Mwenye kukatazwa kiazi mviringo hana sababu ya kuacha kiazi kitamu kwa ajili ya jina tu. Mchicha pia ni wa ukoo mwingine, ijapokuwa huuzwa katika fungu moja na mnavu.

Vilivyosagwa

Kiungo kikishasagwa, alama zote hupotea. Paprika ni pilipili nyekundu za Capsicum zilizokaushwa na kusagwa. Bizari ya mchuzi mara nyingi huchanganywa na pilipili kali; achali na sosi nyingi huwa nazo pia. Kachori hutengenezwa kwa viazi mviringo, na wanga wa viazi hivyo hutiwa katika baadhi ya vyakula vya pakiti. Hapana budi kusoma maandishi ya pakiti au kumwuliza muuzaji. Tangawizi, manjano, giligilani, iliki, karafuu na mdalasini si za ukoo huu, na mtu aweza kuzinunua nzima akazisaga mwenyewe.

Mzio na sumu

Yafaa kutenganisha mambo mawili. Mzio humpata mtu fulani tu, na mwenye mzio wa nyanya si lazima adhurike na viazi. Sumu yaweza kumdhuru yeyote. Solanini, iliyopatikana kwanza mwaka 1820 katika matunda ya mnavu, huongezeka katika viazi vilivyoachwa kwenye mwanga. Rangi ya kijani yenyewe ni klorofili isiyo na madhara, lakini ni onyo. Kuchemsha hakuiondoi solanini. Viazi vilivyogeuka kijani sana au vyenye ladha chungu vitupwe.

Aidha, haifai kuacha ukoo mzima kwa kusikia tu kwamba huleta maumivu ya viungo vya mwili, kwani jambo hilo halijathibitishwa. Nyanya na pilipili hoho zina vitamini C nyingi. Anayeshuku chakula fulani akiache kwa majuma machache, kisha akirudie peke yake, akiongozwa na mganga wa hospitali. Lakini aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula asijijaribu nyumbani kamwe.

Zoezi

Wanafunzi wakusanye maua ya nyanya, bilinganya, pilipili kali, kiazi kitamu na mchicha. Wahesabu petali na stameni, wapasue matunda yanayopatikana, kisha wayapange katika makundi bila kutazama majina. Mwisho walinganishe makundi hayo na majina ya sokoni, na waeleze ni wapi majina yangewapotosha.