Ruzuku si Riziki: Msamiati wa Fedha za Shirikisho na Masharti Yake

Maneno riziki na ruzuku yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, r-z-q, wenye maana ya kumpa kiumbe anachohitaji ili aishi. Kiswahili kimeyapokea yote mawili na kuyagawia kazi. Riziki imebaki kuwa fungu ambalo mja hujaliwa na Mola wake, na wahenga wakasema riziki ni mafungu saba. Ruzuku, ikiwa kitenzi, bado ina maana hiyo ya kujalia: Mungu humruzuku amtakaye. Ikiwa nomino, imehamia katika ofisi za serikali, na humo imepata maana ya fedha zinazotolewa na mamlaka ya umma kwa ajili ya shughuli maalumu.

Undugu huo wa maneno una hatari yake. Riziki haina mkaguzi, wala mja haandiki taarifa ya robo mwaka kueleza alivyoitumia. Ruzuku, hasa ile ya serikali ya shirikisho ya Marekani, ni fedha iliyofungwa kwa masharti kuanzia siku inapotolewa hadi miaka kadhaa baada ya mradi kufungwa. Vyama vya wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, hupata fedha hizo kwa ajili ya kufundisha Kiingereza, kutafuta ajira na kusaidia familia zilizowasili. Mashirika ya Afrika Mashariki nayo yamezipokea kwa miaka mingi kupitia mashirika makubwa zaidi. Pande zote mbili husoma masharti kwa Kiingereza na kuyajadili mezani kwa Kiswahili. Neno likikosewa hapo, anayelipa ni chama.

Ruzuku, msaada, mkopo, mkataba

Neno linalotumika zaidi katika mazungumzo ni msaada. Halina kosa la kisarufi, ila linaficha mambo. Anayepokea msaada hushukuru. Anayepokea ruzuku hujibu. Kwa sababu hiyo, katika kumbukumbu za vikao na taarifa za fedha, ruzuku ndilo neno linalofaa.

Hata hivyo, ruzuku nalo lina maana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Mkulima wa Tanzania anapozungumzia mbolea ya ruzuku, anamaanisha mbolea ambayo serikali imelipia sehemu ya bei yake. Hiyo ni ruzuku ya bei. Chama kinapopewa fedha za kuendesha darasa la Kiingereza, hiyo ni ruzuku ya mradi. Muktadha ukiwa na utata, kivumishi kiongezwe.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 ilitenga aina tatu za mahusiano. Ruzuku hutolewa ili mpokeaji atimize lengo lenye manufaa kwa umma. Makubaliano ya ushirikiano yana lengo lilelile, isipokuwa serikali hushiriki kwa kiasi kikubwa katika kazi yenyewe. Mkataba wa ununuzi ni hali ambapo serikali inajinunulia bidhaa au huduma kwa matumizi yake. Kuziita zote tatu mkataba ni kuzichanganya kanuni zinazozitawala. Mkopo uko nje ya kundi hili, kwa kuwa mkopo hurejeshwa kwa asili yake, ilhali ruzuku hurejeshwa pale tu ambapo masharti yamevunjwa au fedha zimebaki.

Shirikisho, jimbo na njia ya fedha

Serikali kuu ni istilahi iliyozoeleka Tanzania, ambako hulinganishwa na serikali za mitaa. Kwa Marekani istilahi sahihi ni serikali ya shirikisho, kwa sababu majimbo yake yana serikali, katiba na sheria zake. Tofauti hii ina uzito wa kifedha. Fedha nyingi za shirikisho hupitia kwenye serikali ya jimbo au shirika kubwa kabla ya kukifikia chama kidogo. Wanachama husema, «Hizi ni pesa za jimbo,» wakidhani masharti ya shirikisho yameishia njiani. Sivyo. Fedha za shirikisho hubaki za shirikisho hata zikipita mikono mitatu, na masharti husafiri pamoja nazo.

Kutokana na safari hiyo, maneno manne yanahitajika. Mpokeaji wa kwanza ndiye anayepewa ruzuku na idara ya shirikisho. Mpokeaji wa pili ndiye anayepewa sehemu ya ruzuku hiyo ili atekeleze sehemu ya mradi. Mtoa huduma ni yule anayeuza bidhaa au huduma katika biashara yake ya kawaida, kama vile mwenye duka la kompyuta. Mlengwa ni mtu ambaye mradi umekusudiwa kumfaa, mathalani mama anayehudhuria darasa.

Neno mshirika, lipendwalo sana katika hotuba, halitofautishi kati ya mpokeaji wa pili na mtoa huduma. Kanuni hutofautisha. Mpokeaji wa pili huamua nani anastahili huduma, hupimwa kwa malengo ya mradi, na hubeba masharti ya ruzuku. Mtoa huduma huleta alichouza na kulipwa. Chama kilichoandikwa «mshirika» kinaweza kugundua kwa kuchelewa kwamba tangu mwanzo kilikuwa mpokeaji wa pili, na kwamba stakabadhi za mwaka mzima zilihitajika. Vivyo hivyo, mpokeaji mdogo si tafsiri nzuri, kwani husikika kama maelezo ya umri au ukubwa. Mpokeaji wa pili huonyesha mpangilio, nao ndio unaokusudiwa.

Utekelezaji na uzingatiaji

Maneno haya mawili huchanganywa kila siku. Utekelezaji ni kuifanya kazi iliyoahidiwa. Uzingatiaji ni kuifanya kwa kufuata masharti yaliyowekwa. Darasa linaweza kufundishwa vizuri na wanafunzi wakafaulu, huku saa za mwalimu hazikuandikwa na kompyuta zilinunuliwa bila kulinganisha bei. Mradi huo umetekelezwa, masharti hayakuzingatiwa. Sentensi «Tumetekeleza masharti yote» inaeleweka, lakini «Tumezingatia masharti yote» ndiyo inayosema jambo mahususi.

Kanuni za jumla za ruzuku za shirikisho zinajulikana kwa namba 2 CFR 200. Kanuni hizo zenyewe hufafanua nguvu ya maneno yake: kuna neno la Kiingereza linaloonyesha wajibu, na kuna maneno yanayoonyesha ushauri na kumwachia mpokeaji nafasi ya kuamua. Kiswahili kina uwezo wa kuitunza tofauti hiyo, endapo mfasiri atajizuia asitumie inapaswa na inatakiwa kwa kila kitu. Kwa wajibu, atumie lazima au sharti. Kwa ushauri, atumie inafaa au ni vyema. Kwa ruhusa, atumie anaweza.

Si wazi: Chama kinapaswa kutunza nyaraka kwa miaka mitatu.
Wazi: Ni lazima chama kitunze nyaraka kwa miaka mitatu.

Kwa kawaida miaka hiyo mitatu huhesabiwa kuanzia siku ya kuwasilisha taarifa ya mwisho ya fedha. Haihesabiwi kuanzia siku ya kununua kitu. Nyaraka pia ni bora kuliko kumbukumbu katika sentensi hii, kwa kuwa kumbukumbu ni maandishi na pia ni yale yanayobaki kichwani. Mkaguzi hapokei ya kichwani. Methali imekwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Gharama na vipimo vyake

Hapa ndipo penye msamiati mzito zaidi. Ili gharama itozwe kwenye ruzuku, hupimwa kwa maswali kadhaa, na matatu kati yake huhitaji istilahi tatu tofauti.

Gharama inayoruhusiwa ni ile ambayo kanuni na masharti ya ruzuku hayaikatazi. Vileo, kwa mfano, haviruhusiwi. Faini zinazotokana na kuvunja sheria nazo kwa kawaida haziruhusiwi. Kosa la kawaida ni kuelewa kitenzi ruhusiwa kana kwamba mwenye kuruhusu ni mwenyekiti au kamati. Mwenyekiti huidhinisha malipo. Kanuni ndizo zinazoruhusu gharama. Malipo yaliyoidhinishwa na kamati nzima kwa kauli moja yanaweza kuwa gharama isiyoruhusiwa.

Gharama ya kiasi ni ile ambayo mtu mwenye busara angeilipa katika mazingira yale. Wengine huiandika gharama nafuu, na hapo hukosea, maana unafuu ni udogo wa bei. Kanuni haimlazimishi mpokeaji anunue cha bei ya chini kabisa. Humtaka aweze kueleza kwa nini alilipa alicholipa.

Gharama inayohusika ni ile ambayo ruzuku imefaidika nayo, na hutozwa kwa uwiano wa faida hiyo. Tuseme chama kina gari moja na miradi miwili, na kila mradi hulitumia nusu ya safari zote. Mafuta ya gari hilo ni gharama inayoruhusiwa, na bei yake ni ya kiasi. Yakitozwa yote kwenye ruzuku moja, nusu yake si gharama inayohusika, hata kama ruzuku hiyo ndiyo iliyokuwa na salio.

Gharama zisizo za moja kwa moja ni zile zinazohudumia shirika zima, kama mshahara wa mhasibu au umeme wa ofisi, ambazo si rahisi kuzifunga kwenye mradi mmoja. Istilahi hii ni ndefu, lakini ni afadhali kuliko gharama za uendeshaji, kwa sababu mradi nao una uendeshaji wake unaotozwa moja kwa moja. Shirika lisilokuwa na kiwango kilichokubaliwa na serikali linaweza kutumia kiwango cha jumla, ambacho marekebisho ya mwaka 2024 yalikipandisha kutoka asilimia 10 hadi asilimia 15 ya sehemu maalumu ya gharama za moja kwa moja.

Baadhi ya ruzuku humtaka mpokeaji achangie. Mchango huo huweza kuwa fedha, au kazi ya kujitolea na vitu. Waswahili husema mtu amechangia kwa hali na mali, na msemo huo unaikaribia sana maana hiyo. Tofauti ni kwamba hali, katika ruzuku, huandikwa: nani alijitolea, siku gani, saa ngapi, na kazi hiyo ina thamani gani sokoni.

Ukaguzi na hoja zake

Ufuatiliaji hufanywa mradi ukiendelea, tathmini hupima matokeo yake, na ukaguzi hupima hesabu na uzingatiaji. Sheria ya mwaka 1984 ilileta utaratibu ambao shirika lenye ruzuku nyingi hukaguliwa mara moja kwa zote. Kuuita ukaguzi wa pamoja kunapotosha, kwani husikika kama wakaguzi wawili wanaoshirikiana. Ukaguzi mmoja wa jumla ni jina lililo karibu zaidi na kusudi.

Kiwango cha fedha kinacholazimisha ukaguzi huo kilikuwa dola 750,000 kwa mwaka. Kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baadaye, ni dola 1,000,000. Kinachohesabiwa ni fedha za shirikisho zilizotumika katika mwaka huo. Fedha zilizopokelewa sizo kipimo. Kitenzi kimoja kikibadilishwa katika tafsiri, shirika linaweza kukwepa ukaguzi linaodaiwa au kuulipia usiohitajika.

Kwa matokeo ya ukaguzi, Kiswahili cha Tanzania tayari kina istilahi zilizokomaa kutokana na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: hati safi, hati yenye shaka, hoja ya ukaguzi. Zitumike hizo. Kwa fedha, hatua mbili zitenganishwe. Gharama inayohojiwa ni ile ambayo mkaguzi ameitilia shaka. Gharama iliyokataliwa ni ile ambayo mwenye kutoa ruzuku ameamua kwamba haikubaliki. Kati ya hatua hizo mbili mpokeaji bado ana nafasi ya kuleta nyaraka. Anayeambiwa «gharama zimekataliwa» ilhali zimehojiwa tu anaweza kuinyima nafsi yake nafasi hiyo.

Kusimamisha, kusitisha, kuvunja

Sitisha limejengwa kutokana na sita, yaani kutoendelea kwa kuwa na shaka. Kwa asili yake, basi, linabeba kutua kwa muda, lakini katika matumizi ya leo humaanisha pia kukomesha kabisa. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani iliamuru misaada ya nje itue kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Baadaye sehemu kubwa ya ruzuku na mikataba ya USAID ikavunjwa. Kitenzi kusitisha kilisikika kwa hali zote mbili, na msikilizaji hakuweza kujua kama aliyeachishwa kazi angeitwa tena.

Katika kanuni, hali hizo zina matokeo tofauti. Ruzuku iliyosimamishwa bado ipo, ila kwa kawaida gharama mpya hazikubaliki mpaka ruhusa itolewe. Ruzuku iliyovunjwa imekoma, na mpokeaji huanza kuifunga: hulipa madeni halali yaliyotangulia, hurejesha salio na kuwasilisha taarifa za mwisho. Mpokeaji wa kwanza hupewa siku 120 kwa taarifa hizo, na mpokeaji wa pili hupewa siku 90. Kwa hiyo kusimamisha kwa muda litumike kwa hali ya kwanza, kuvunja kwa hali ya pili, na kusitisha liachiwe mazungumzo ya kawaida.

Muhtasari wa matumizi

- ruzuku: si msaada, wala mkopo
- serikali ya shirikisho: si serikali kuu
- mpokeaji wa pili: si mshirika, wala mpokeaji mdogo
- uzingatiaji: si utekelezaji
- lazima, sharti: kwa wajibu, inafaa, ni vyema: kwa ushauri
- gharama ya kiasi: si gharama nafuu
- gharama zisizo za moja kwa moja: si gharama za uendeshaji
- gharama inayohojiwa: bado haijakataliwa
- kusimamisha kwa muda; kuvunja: badala ya kusitisha