Kadutu: watu tisa, dirisha moja, na pesa ya shimo

Baba mmoja mchimbaji wa Kamituga alipita kwetu mwezi uliopita na karatasi mkononi. Mtoto wake alimaliza masomo ya kompyuta hapa Bukavu, akafungua na wenzake kampuni ndogo ya kutengeneza programu za maduka na za simu. Walianza watatu, ndani ya chumba kimoja cha Kadutu. Sasa wako tisa. Karatasi ilikuwa devi ya meza, viti na waya.

«Dola mia sita,» akatuambia. «Kila mutu iko na mashini yake ya kuweka ku magoti. Biro ni ya kufanya nini?»

Tukaenda kuona.

Kupanda Kadutu munakujua: ngazi, udongo wa kuteleza, nyumba za mbao zimeshikana bega kwa bega. Tulikuta vijana watano wamebanana juu ya kitanda na benchi, shingo zimeinama kama mtu anaingia shimoni. Wachimbaji mtaelewa. Mtu akiinama saa nane, mgongo ndio unalipa, hata kama hakubeba mfuko.

Lakini kilichotuogopesha ni kingine. Ralonji moja, juu yake ralonji ingine, mashini zote zinakula hapo, waya unapita chini ya mkeka, na ukuta ni mbao. Kadutu imeungua mara ngapi? Fundi umeme alituhesabia: mashini ya mkononi inakula kama wati 65, kwa hiyo tisa hazifiki 600. Si mzigo mkubwa, akasema. Ni waya mwembamba na viungo vya kufunga na skochi ndivyo vinachoma nyumba. Waya mnene, dijonkteri, na prizi ya kila meza: hiyo ndio ilikuwa sehemu kubwa ya ile devi. Baba alikuwa anasoma tu «meza».

Seremala naye alikuja na metre yake. Meza sentimita 72 mpaka 75 kwenda juu, upana usiwe chini ya 60 ili kioo cha mashini kikae mbali kama urefu wa mkono. Dirisha liwe ubavuni. Ukilipa mgongo, mwanga unapiga kioo na husomi kitu. Plafo ya triplexi chini ya manjanja, maana mvua ikinyesha hakuna anayesikia mteja kwenye simu. Kitanda tulitaka kukitoa, vijana wakakataa kabisa: umeme ukirudi usiku wa manane, huo ndio wakati wa kazi. Kikabaki.

Na kesho wakiwa kumi na tano? Tuliwaeleza habari ya Nairobi. iHub ilifungua mwaka 2010 kwenye barabara ya Ngong, ukumbi mmoja wazi wenye meza, intaneti na kahawa. Wengine walikuja na kukaa popote, wengine walilipa ili wawe na meza yao. Andela, iliyoanza mwaka 2014, ilikuwa na majengo Lagos, Nairobi, Kampala na Kigali. Mwaka 2020 ikawaambia watu wake wafanyie kazi nyumbani. Kampuni za namna hii zinavimba na kupungua haraka, sawa na karye. Seremala akashika neno: «Musipige misumari ku ukuta ya mwenye nyumba. Nitabafanyia paneli ya triplexi yenye miguu. Bakihama, bahame nayo.»

Tulimrudia baba na hesabu yote. Tukamwambia pia jambo ambalo wachimbaji wengi hawajaambiwa: kasiterite ya Nyabibwe inatoa bati la kulehemu vipande vya mashini, na koltani inaingia ndani ya vile vidude vidogo vya kutunza umeme. Alicheka kidogo. «Basi ile mawe inarudia mutoto wangu,» akasema, «lakini si kwa bei ile niliiuzisha.»

Hakutoa dola mia sita. Alitoa mia tatu, na sharti: waya kwanza. Fundi amemaliza wiki iliyopita. Meza nne zimesharandwa kwa seremala. Zingine tano zinangoja motopompe itoe maji kwenye shimo.