Mwalimu Anaponyamaza Darasani

Jirani yangu ni dereva wa daladala. Hutoka nyumbani alfajiri, hurudi usiku watoto wamekwisha kulala, na njia yake ya pekee ya kujua binti yake amefanya nini shuleni ni kulifungua daftari lililoachwa mezani. Usiku mmoja alilifungua daftari la sayansi la Darasa la Tano asione cha kumfurahisha. Kurasa mbili zilikuwa na mchoro wa chupa iliyokatwa kitako, majina ya watoto sita, na swali moja kwa mwandiko wa mtoto: “Maji yetu yametoka meusi, kwa nini?” Hapakuwa na maelezo yaliyonakiliwa ubaoni, wala alama ya kalamu nyekundu. Kesho yake alimwachia mwenzake usukani, akaenda shuleni kuuliza mwalimu huyo hupokea mshahara kwa kazi gani.

Mwalimu hakubishana naye. “Karibu, mzazi,” alimwambia. “Keti hapo nyuma, kipindi kinaanza.”

Alichokiona kwa dakika arobaini alinisimulia jioni ile ile, naye bado hajaamua kama acheke au akasirike. Watoto walikuwa wamekaa makundi makundi, kila kundi na chupa yake iliyopinduliwa, ndani yake kitambaa, mkaa uliopondwa, mchanga na kokoto. Maji ya matope yalimiminwa juu, na kila mmoja akakodoa macho kuona yatatokaje chini. Ya kundi la binti yake yakatoka meusi tena. Mwalimu alikuja, akainama, akatazama. Jirani yangu alingoja atoe jibu. Hakulitoa. Alisema tu, “Wale wa dirishani maji yao hayana weusi. Nendeni mkawaulize walifanya nini kabla ya kuutia mkaa,” kisha akapita.

“Jibu alikuwa nalo,” jirani yangu alilalamika. “Mkaa huoshwa kwanza. Hata mimi najua. Mbona hakusema?”

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa mwalimu mwenyewe, kwa maana wazazi wengi wa mijini wamo katika mashaka yale yale. Mtaala wa shule zetu ulielekezwa kwenye umahiri tangu mwaka 2005, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 umeendelea na njia hiyo: kwamba mtoto apimwe kwa lile awezalo kulitenda, zaidi ya lile awezalo kulikariri. Njia yenyewe ina majina mawili marefu. La kwanza ni ujifunzaji unaoongozwa na mwanafunzi, ambamo mtoto huuliza, hujaribu, hukosea na kueleza, naye mwalimu huandaa kazi na kuilinda isipotee njia. La pili ni ujifunzaji mseto, ambamo maelezo huweza kuletwa na redio, kitabu, kishikwambi au simu, ili saa ya kukaa pamoja darasani itumike kwa lile lisilowezekana mbele ya chombo: kubishana, kutenda na kusahihishana. Yote hayo yamekwisha kuandikwa vizuri. Lililo gumu ni kumvusha mwalimu aliyefundishwa kwa ubao na chaki, naye akafundisha hivyo miaka ishirini, mpaka ng’ambo hiyo.

HOFU YA CHAKI

Mwalimu yule hakunificha kitu. Aliniambia kwamba mara ya kwanza alipoambiwa habari za mbinu hii ilikuwa katika semina ya siku mbili. Wawezeshaji walisimama mbele tangu asubuhi mpaka jioni, wakasoma karatasi baada ya karatasi juu ya ubaya wa kumsomea mwanafunzi karatasi. Walimu waliandika, wakanywa chai, wakarudi mashuleni mwao na kuendelea kama zamani. “Hakuna aliyetuuliza swali,” alisema, “isipokuwa kama tumesaini fomu ya posho.”

Nilimwuliza alihofu nini. Akazihesabu hofu zake kwa vidole. Kwanza, kwamba mtoto atauliza jambo asilolijua, na heshima yake itaanguka mbele ya darasa. Pili, kelele, kwani mwalimu mkuu akipita barazani akasikia vishindo atadhani darasa halina mtu. Tatu, muhtasari hautakwisha, na mtihani wa taifa haungoji. Nne, wazazi. Hapo alinitazama na kucheka kidogo, nami nikamfikiria jirani yangu.

Hofu hizi si uvivu, ingawa mara nyingi huitwa hivyo. Mwalimu wetu amelelewa tangu utoto katika desturi kwamba anayejua ndiye asemaye, na asiyejua hunyamaza. Leo anaambiwa anyamaze yeye. Ni kama kumwambia baharia aliyezoea kushika usukani akae shetri awatazame mabaharia wachanga wakiyasoma mawimbi, hali chombo kikigonga mwamba lawama ni zake.

TULIWAHI KUFANYA HIVI

Yafaa tukumbuke kwamba jambo hili si geni katika nchi hii, hata kama majina yake ni mageni. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi, wala zisiwe mahali pa kumwandaa kwa mtihani tu. Ila mfano mzuri zaidi haukutoka shuleni. Ulitoka chini ya miembe na katika mabaraza ya vijiji mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya.

Wazee watakumbuka. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusoma, wengi wao wakiwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Kikundi kilisikiliza kipindi cha Redio Tanzania, kikasomewa kijitabu, kikajadili malaria, kichocho au safura, kisha kikaamua la kutenda: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walitayarishwa kwa kazi hiyo. Hawakuwa madaktari wala waganga. Wengi wao walikuwa wanakijiji wenye elimu ndogo, na katika siku chache za mafunzo yao kitu kikubwa walichofundishwa ni jinsi ya kuuliza, kungoja, na kumpa nafasi mtu wa nyuma asiyesema.

Ujuzi ulibebwa na redio na kijitabu. Kiongozi alibeba maswali. Kwa kuwa hakuna aliyemtazamia ajue yote, hakuwa na heshima ya kupoteza kwa kusema, “Sijui, tusikilize tena juma lijalo.” Huo ndio mseto wenyewe, miaka mingi kabla ya simu za viganjani. Nadhani hata hofu ya kwanza ya mwalimu wetu imekwisha kujibiwa hapo.

Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, Taifa lilipohitaji walimu kwa maelfu kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote, mseto ulitumika tena, safari hii kwa walimu wenyewe. Vijana waliomaliza Darasa la Saba walipelekwa mashuleni, wakafundisha madarasa ya chini chini ya uangalizi, na kwa muda wa miaka mitatu wakasoma kwa masomo ya posta, redio na mkufunzi aliyekuwa karibu nao, mpaka wakapata cheti cha Daraja la Tatu C. Walimu hao wa UPE walidhihakiwa sana mitaani, na dhihaka nyingine zilikuwa na sababu, maana walipewa mzigo mkubwa wakiwa wangali wadogo. Lakini njia yenyewe ilikuwa na busara moja ambayo semina za siku mbili hazina: kijana alisoma jioni, akajaribu asubuhi mbele ya watoto, akakosea, akarudi kwa mkufunzi kuuliza.

Linganisha na mwaka 2020. Shule zilipofungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, mpaka zilipofunguliwa zote Juni 29, vipindi vya masomo vilitangazwa katika redio na televisheni. Vilikuwa vipindi vya maana. Lakini mtoto alikaa navyo peke yake sebuleni, pengine na mdogo wake akilia, bila kikundi na bila mtu wa kumwuliza, “Umeelewaje?” Tulikuwa na nusu ya mseto, na hiyo nusu nyingine ndiyo ya mwalimu. Wale waliodhani kwamba chombo kitamfukuza mwalimu kazini, miezi ile iliwajibu.

KUMI NA TANO KWA DAKIKA AROBAINI

Kilichomvusha mwalimu wangu hakikuwa semina ya pili. Alikuwa mwalimu mwenzake wa Darasa la Sita aliyekubali kuja kuketi nyuma ya darasa lake mara moja kwa juma, bila daftari la ukaguzi, kisha wakazungumza wakinywa chai. Siku hizi kuna utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao kwa kifupi MEWAKA, ambao unataka walimu wakutane shuleni mwao katika jumuiya za kujifunza, wasome moduli, wakajaribu darasani, na kurudi kusimulia yaliyowapata. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, navyo vyafaa kwa kazi hiyo. Pale mikutano hiyo inapokuwa ya kusimuliana kweli, mwalimu huonja yeye mwenyewe kile anachotakiwa kuwapa watoto. Inapogeuka kuwa mtu mmoja kusoma moduli kwa sauti na wengine kutia saini mahudhurio, tumerudi kwenye karatasi na posho.

Alianza na kipindi kimoja tu kwa juma; vipindi vingine alifundisha kama alivyozoea. Darasa lake lina watoto 90. Akawagawa makundi kumi na matano ya watoto sita sita, na siku ya kwanza akajaribu kuyapitia yote. Kipindi ni dakika arobaini. Kila kundi lilipata chini ya dakika tatu, naye akatoka jasho asipate kumsikiliza hata mmoja. Mwenzake akampa shauri jepesi: pitia makundi matano kwa kipindi, uyasikilize mpaka mwisho, na kwa vipindi vitatu utakuwa umeyamaliza yote. Kwa maelezo, hukisikiliza kipindi kilichorekodiwa usiku nyumbani, kisha darasani hukisikilizisha kundi moja moja kwenye kishikwambi kilichopo huku mengine yakifanya kazi nje. Bando hulinunua mwenyewe, jambo ambalo halifai kuendelea hivyo.

Mwenzake ndiye aliyeona pia jambo ambalo yeye hakuliona: katika kila kundi wasichana walikuwa wakichota maji na kuandika, wavulana wakisema. Tangu siku hiyo kazi hubadilishwa kwa zamu, na msemaji wa leo ndiye mwandishi wa kesho.

Na kuhusu muhtasari? Alikiri kwamba kwa miezi miwili alibaki nyuma ya darasa la jirani. Baadaye alianza kuokoa muda, kwa sababu hakulazimika kurudia somo lile lile mara tatu. Sikupata namna ya kupima madai hayo, lakini nayaandika kama alivyoyasema.

Kuna ugumu mmoja ambao jitihada ya mwalimu haiuondoi. Watoto hawa wanajadili kwa Kiswahili, lugha wanayogombania nayo kandanda. Wakifika Kidato cha Kwanza wataambiwa wajadili kwa Kiingereza, na wengi watanyamaza. Hapo mwalimu wa sekondari ataandikiwa na mkaguzi kwamba wanafunzi wake hawashiriki, kumbe ni ulimi uliofungwa, akili ingali inakwenda. Mwenye kutaka shule zinazoongozwa na wanafunzi hana budi kulitazama jambo la lugha usoni.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu katika hofu zile nne. Tunapolipima somo kwa wingi wa wino daftarini, tunamrudisha mwalimu ubaoni, kwani maelezo ya kunakili ndiyo silaha yake ya kujikinga na sisi. Jirani yangu siku hizi, akikuta binti yake yu macho, humwuliza, “Leo umemweleza nani nini?” Asema jibu huwa refu kuliko anavyopenda dereva aliyechoka.

Juma lililopita binti alimwomba chupa tupu, mkaa na mchanga wa jengo la jirani. Wakakaa uani usiku wote wawili. Mkaa waliuosha kwanza, maji yakatoka maangavu kama ya mvua. Baba akachukua kikombe anywe ili kumsifu. Mtoto akakishika mkono wake mbele ya mdomo. “Bado, baba. Kundi letu limeuliza kama maji maangavu ni maji salama, na mwalimu amesema tukajibu Alhamisi.” Baba akakishusha kikombe, akafikiri kidogo, akaingia ndani kutafuta sufuria ya kuyachemshia.