'Kuzurura': neno dogo, lawama kubwa Kibondo na Kasulu

Ukitoka nyumbani kwenda sokoni, unatembea. Mkimbizi akitoka bila kibali kambi ya Nyarugusu, Kasulu, au Nduta, Kibondo, anaweza kuambiwa anazurura. Safari ni ileile, neno ndo limebadilika.

Kitenzi hiki kina historia. Mwaka 1983, Sheria ya Nguvu Kazi ilipokuja, watu waliokamatwa mijini bila kazi waliitwa wazururaji, wengine wakapelekwa vijijini. Neno likatangulia kuhukumu.

Kwa wakimbizi, Sheria ya mwaka 1998 inataka kibali kutoka nje ya kambi. Lakini wapo wanaotoka kutafuta kuni tu, au kibarua shambani. Kwa hiyo ukisoma "wakimbizi wanazurura", jiulize kwanza: walikuwa wanaenda wapi?