Kuteremka Mlima kwa Baisikeli ni Elimu ya Breki

Aliyepata kuteremka kilima kirefu kwa baisikeli yenye breki ya kukanyaga nyuma, ile isiyo na mkono wa breki katika usukani bali hushika pale pedali zinaporudishwa kinyumenyume, huijua harufu ya grisi iunguayo katika kitovu cha gurudumu, na huujua pia wasiwasi wa kukanyaga na kuona kwamba chombo hakitii tena kama kilivyotii kule juu. Katika harufu hiyo ndimo yalimozaliwa mashindano ninayokusudia kuyaeleza. Karibu na mji mdogo wa Fairfax, wilaya ya Marin, jimbo la California huko Marekani, kuna njia ya udongo na mawe iteremkayo mita 400 hivi katika masafa ya kilomita 3 na ushei. Na vijana walioiteremka katika miaka ya 1970 walifika chini moshi ukifuka katika magurudumu ya nyuma, grisi yote imekwisha kuungua, hata ikawalazimu kuyafungua magurudumu hayo na kuyajaza grisi upya. Basi njia ile wakaiita Repack, maana yake kujaza upya, na jina halijabanduka hata leo.

Baisikeli zao zilikuwa kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi manene, ambazo wenyewe wa kwanza walikwisha kuzichoka. Kila kijana alidai kuwa hapana amshindaye kwa kasi, ilhali njia haikuwa na upana wa kuwaachia wote kwa pamoja pasipo kuumizana. Kwa hiyo tarehe 21 Oktoba 1976 Charlie Kelly na wenzake wakaamua kuachiana mmoja mmoja, kila mtu na wakati wake, na saa ikate shauri. Aliyeshinda siku ile ni Alan Bonds, na sababu ya ushindi wake inastahili kukumbukwa kuliko dakika zake: yeye peke yake ndiye ambaye hakuanguka. Baadaye Gary Fisher aliiteremka njia ile kwa dakika 4 na sekunde 22, na hapana aliyeivunja rekodi hiyo muda wote mashindano yale yalipodumu. Hapakuwa na mshahara wala mdhamini. Wote walikuwa watu wa ridhaa, waliopanda mlima kwa jasho lao ili wapate kuushuka.

Mwaka 1990, mjini Durango, Colorado, yalifanywa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa baisikeli za milimani chini ya shirikisho la kimataifa, na katika mteremko wakashinda Greg Herbold wa Marekani na Cindy Devine wa Kanada. Tangu hapo chombo kimebadilika sana. Baisikeli ya mteremko ya leo ina shokomzoba mbele na nyuma, zibonyeazo kiasi cha sentimita 20, na breki za sahani zisukumwazo kwa mafuta, hata kidole kimoja hutosha kulifunga gurudumu. Kanuni ya Repack, walakini, ni ile ile: mtu mmoja, njia moja, saa moja.

Na watu wa ridhaa hawakufukuzwa. Huko Fort William, Uskoti, ubavuni mwa mlima Aonach Mòr, ipo njia ya kilomita 2.8 iteremkayo zaidi ya mita 500, ambayo mabingwa wa dunia waliishindania kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na ambayo walio bora huimaliza kwa dakika nne na nusu hivi. Njia hiyo hiyo, yenye mawe yale yale, katika siku nyingine hushindaniwa na seremala, mwalimu na muuguzi, waliolipa ada kutoka mifukoni mwao na ambao Jumatatu watarudi kazini. Naliona jambo hili kuwa fahari kubwa ya mchezo huu, kwa maana mcheza mpira wa mtaani aghalabu hufa asikanyage nyasi za uwanja wa fainali.

Kazi ya mwenye busara huanza kwa miguu. Kabla ya kupanda baisikeli huitembea njia yote, akisimama, akirudi nyuma, akichokora matope kwa ncha ya kiatu apate kujua yana kina gani, akitazama mizizi imelala upande gani na maji yamepita wapi. Akikaribia kona kali huona ardhi imejikunja mikunjo kama bati, mkunjo baada ya mkunjo. Hiyo ni kazi ya breki za waliotangulia, kila gurudumu lililofungwa likiichota na kuirundika. Mikunjo hiyo ni khati iliyo wazi: humwambia mgeni mahali ambapo kila mtu aliogopa. Mara nyingi hatua chache kando yake pana ardhi laini, na huko ndiko apitako mjuzi.

Nasema mjuzi kwa sababu mchezo huu, ambao watazamaji huudhania kuwa ni wa ushujaa mtupu, ni elimu ya breki. Tairi lina kiasi chake cha kushika ardhi, na kiasi hicho kikitumiwa chote kwa kusimama, hakibaki cha kukatia kona. Ndiyo maana mwenye ujuzi hufunga breki mapema, baisikeli ikiwa wima na njia imenyooka, kisha huiachia na kuingia konani huru. Breki ya mbele husimamisha zaidi, kwa kuwa uzito mwingi huelemea mbele, walakini juu ya mizizi iliyolowa haifai kuguswa kabisa. Mjuzi husimama juu ya pedali zilizo sawasawa, visigino vimeshushwa, macho yakitazama mbali na si mbele ya gurudumu.

Mwanafunzi hufanya kinyume. Kwa hofu hushika breki tangu juu hadi chini, na adhabu yake humjia mwilini: misuli ya vigasha hujaa damu, ikawa migumu kama gogo, vidole vikakosa nguvu, na katika theluthi ya mwisho ya mlima, penye kasi kubwa, hutaka kufunga breki asiweze. Vijana wa Repack waliunguza grisi; huyu huunguza mikono yake mwenyewe. Aliyeogopa kuliko wote ndiye akosaye breki kwanza, na dawa hapa si kumhimiza awe jasiri bali kumfundisha mahali pa kuachia.

Sifichi hatari. Mtulinga huvunjika, na kifundo cha mkono pia. Ndiyo sababu helmeti ifunikayo uso mzima na taya ni lazima, magoti hukingwa, na kandokando ya njia husimama wasimamizi wenye bendera za kumzuia ajaye iwapo aliyetangulia ameanguka. Mruko ambao mtu hakuuruka siku ya mazoezi asiujaribu siku ya mashindano, hata akiitwa mwoga na kijiji kizima.

Kisha hufika zamu ya mshindani wa ridhaa. Kengele ya saa hulia mara kadhaa kwa sauti fupi, hujisukuma, na baada ya dakika sita au saba amekwisha vuka mstari wa mwisho, kifua kikipanda na kushuka, kati ya watu wenye matope hadi kopeni. Jina lake liko katikati ya orodha. Hujaribu kufungua kifungo cha helmeti, vidole vikakataa kukunjika wala kunyooka, mpaka mwenzake wa makamo, aliyemaliza kabla yake, amsogelee na kumfungulia, na kabla hata hajamshukuru, swali limekwisha kumtoka: "Pale kwenye mwamba, ndugu yangu, breki uliachia wapi?"