Jua la Kambu ni adui wa michoro ya Kijapani

KWA wakazi wa Kambu, mji ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, shughuli za wasafiri si jambo geni. Ndiposa michoro ya Hiroshige, msanii wa Japani aliyeishi kati ya 1797 na 1858, yaweza kupendeza katika kuta zao. Alijipatia sifa katika miaka ya 1830 kwa kuchora vituo 53 vya barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo, ambayo sasa ni Tokyo, na Kyoto.

Michoro hiyo haikuwa ya matajiri pekee. Msanii alichora, fundi akachonga ubao wa mcheri, kisha mpigaji chapa akaupaka rangi na kukandamiza karatasi juu yake. Kwa kawaida kila rangi ilikuwa na ubao wake. Kwa vile mbao hizo zilitoa nakala nyingi, bei ilikuwa nafuu.

Anayetaka kupamba sebule kwa michoro hiyo sharti azingatie jua kali la Ukambani. Rangi za kale, hasa zilizotokana na mimea, hufifia zikimulikwa, na zikishafifia hazirudi. Picha itundikwe kwenye ukuta usiopigwa na jua, mbali na moshi wa jikoni. Itiwe kwenye fremu yenye kioo, ila karatasi isigusane nacho, wala isibandikwe kwa gundi.

Nakala ya kiwandani ikiharibika, nyingine itanunuliwa. Chapa ya zamani ikipauka, hakuna fundi wa kuirejeshea rangi yake.