Mbona Faili Halivuki?

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mashine hizo zilikuwa chache na ghali, na kazi ya kuziendesha ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa kuhesabika. Leo, zaidi ya nusu karne baadaye, katika mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, si ajabu kukuta kompyuta mbili chini ya paa moja. La kustaajabisha ni kwamba mashine hizo, ambazo zaweza kuzungumza na mashine nyingine zilizoko ng'ambo ya bahari, hushindwa mara kwa mara kupeana faili moja kutoka meza hii hadi meza ile.

Mfano na uwe wa nyumba ya mwalimu wa shule ya sekondari. Alama za mtihani wa muhula zimo katika kompyuta yake mpakato, na zinatakiwa shuleni kesho asubuhi. Printa imeunganishwa na kompyuta ya mezani, ambayo huitumia binti yake wa kidato cha tatu. Flashi waliyozoea kuhamishia mafaili imesahauliwa shuleni. Umeme ulikatika jioni, na sasa umerudi. Mwalimu ameliweka faili katika folda na kuiruhusu folda hiyo itumike na kompyuta nyingine za nyumbani.

“Mama, kompyuta yako haionekani huku,” asema binti.

“Au bando limekwisha, mwanangu?”

Bando halihusiki, na kosa hilo la mwalimu ni la watu wengi. Mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili. Ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kinachounganisha vyombo vya nyumbani, ina kazi mbili: hupeleka na kupokea habari za nje, na hupitisha habari baina ya vyombo vilivyomo ndani. Kazi hii ya pili haigharimu senti, kama ambavyo mtu anayempelekea jirani yake kapu la michembe hahitaji nauli ya basi la Mwanza. Waya wenye uwezo wa biti milioni 100 kwa sekunde hupitisha baiti milioni 12 na nusu katika muda huo, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Filamu ya somo yenye baiti milioni 700 itavuka kwa dakika moja hivi, hata kama bando la nyumba nzima limekwisha tangu wiki iliyopita.

Basi kizuizi kiko wapi? Mchunguzi mwenye subira haanzi kwa kubonyeza kila kitufe anachokiona. Huanza chini kabisa, na kuuliza kama mashine hizo mbili zimo katika mtandao mmoja.

Kila kompyuta iliyo mtandaoni hupewa anwani ya namba nne, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Katika mfumo wa Windows amri ipconfig huionyesha anwani hiyo. Kompyuta ya mezani yasema 192.168.1.4, na mpakato yasema 192.168.43.20. Katika mitandao mingi ya nyumbani namba tatu za mwanzo hufanana kwa vyombo vyote, nayo ya nne hukitofautisha chombo kimoja na kingine, kama vile mtaa mmoja wenye nyumba nyingi. Hapa mitaa ni miwili. Umeme ulipokatika ruta ilizimika, bali mpakato iliendelea kuishi kwa betri yake, ikajiunga na mtandao wa simu ya mwalimu. Umeme uliporudi, kompyuta ya mezani ilirejea kwenye ruta na mpakato ikabaki kwenye simu. Kwa mwenye kutazama, zote mbili “ziko mtandaoni”. Kwa kweli zimetenganishwa na ukuta.

Hata katika nyumba ambayo jana kila kitu kilikwenda vizuri, kukatika kwa umeme huweza kuharibu mambo kwa njia nyingine. Ruta ndiyo inayogawa anwani, na ikizimika na kuwaka huweza kuzigawa upya, hivi kwamba kompyuta iliyokuwa namba 4 ikawa namba 7. Anayeitafuta kwa namba ya zamani hugonga nyumba tupu. Na endapo anwani inaanza kwa 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Dalili hiyo humwelekeza mchunguzi kwenye ruta au waya, wala si kwenye faili.

Mpakato yarejeshwa kwenye ruta na kupata namba 192.168.1.5. Bado haionekani. Hapa hapana budi kutofautisha jina na anwani. Orodha ya kompyuta inayotokea katika dirisha la mtandao hutegemea kila mashine kujitangaza. Ile iliyonyamaza haimo, ingawa ipo na ina afya. Kwa hiyo mwenye busara haiamini orodha. Huandika mwenyewe anwani katika sehemu ya juu ya dirisha la mafaili, hivi: \\192.168.1.5. Folda ikifunguka, mtandao ni mzima na ugonjwa uko katika majina tu. Isipofunguka, kuna kitu kinachozuia.

Aghalabu kitu hicho ni ulinzi wenyewe. Windows huuliza, au huamua yenyewe, kama mtandao iliojiunga nao ni wa umma au wa binafsi. Ikiuhesabu kuwa wa umma, hujificha na kukataa wageni. Hiyo ni tabia njema katika nyumba ya kulala wageni, na ni kero sebuleni. Dawa ni kuutambulisha mtandao wa nyumbani kuwa wa binafsi na kuruhusu ushirikiano wa mafaili humo tu. Watu wengi, kwa haraka, huuzima ulinzi wote. Faili huvuka, wote hufurahi, na kesho yake mpakato hiyo hiyo hupelekwa katika duka la kupiga chapa pasipo kinga yoyote.

Kuna ushauri mwingine unaopita kutoka mkono hadi mkono ambao ni wa hatari zaidi. Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana mafaili huitwa SMB, na mwanzo wake ni katika kampuni ya IBM miaka ya mwanzoni mwa 1980. (Katika miaka ya mwanzo ya 1990 Andrew Tridgell wa Australia aliunda programu ya kuiwezesha mifumo mingine izungumze lugha hiyo. Alipohitaji jina, aliitafutia kompyuta maneno yenye herufi S, M na B, akapata Samba.) Toleo la kwanza la lugha hiyo lina kasoro za usalama. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kubwa. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipenya katika tundu hilo, ikasambaa katika nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili na kudai fedha. Katika Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Haikuhitaji mtu afungue barua yoyote: kompyuta moja iliyoambukizwa ilizitafuta jirani zake yenyewe, kwa njia ile ile ambayo mafaili hupita.

Baada ya hapo, kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, toleo hilo la kwanza halikuwekwa tena kwa kawaida. Anayeambiwa “washa SMB ya kwanza, mambo yatakwenda” na ajiulize kwanza kama kweli anaihitaji. Mashine ya Windows XP haijui lugha nyingine, lakini ya Windows 7 inajua toleo la pili, kwa hiyo hapana sababu ya kuufungua mlango huo kwa ajili yake. Na kwa ajili ya mashine ya XP ni afadhali kutembea na flashi.

Katika nyumba ya mwalimu, mtandao umekwisha kutambulishwa kuwa wa binafsi. Sasa kompyuta ya mezani yauliza jina na neno la siri. Mwalimu aandika zile tarakimu nne anazofungulia mpakato yake kila asubuhi. Yakataliwa. Aandika tena polepole, kisha binti yake ajaribu. Yakataliwa.

Mashine haikukosea. Tarakimu hizo ni ufunguo wa kompyuta ile moja tu. Hazitambuliki kupitia mtandao. Linalotakiwa ni neno la siri la akaunti yenyewe, ambalo mwenye kuzoea tarakimu hulisahau kwa miezi. Kadhalika, akaunti isiyo na neno la siri kabisa hukataliwa kupitia mtandao, ingawa mbele ya mashine hufunguka bila swali. Huenda hiki ndicho kizuizi kinachowapotezea watu saa nyingi kuliko vyote, kwa sababu kila mmoja huapa kwamba ameandika sawasawa.

Hata aliyekubaliwa jina lake hukutana na milango miwili, kama katika ghala la pamba la chama cha msingi: mlinzi wa lango na mtunza ghala. Mlango wa kwanza ni ruhusa ya folda iliyoshirikishwa. Wa pili ni ruhusa ya faili lenyewe ndani ya diski. Mmoja akiruhusu kusoma na kuandika, na mwingine kusoma tu, mgeni atasoma tu.

Kwa kuchapa alama, kusoma kwatosha. Mwalimu alikumbuka neno lake la siri lilikoandikwa: ndani ya jalada la daftari la maandalio. Folda ilifunguka, na printa ikaanza kuvuta karatasi saa nne kasoro.